Kamba ya Mchimba Kisima

Kipenyo cha duara ni nusukipenyo mara mbili. Mwanafunzi huikariri kanuni hii kwa dakika moja, na pengine ndiyo sababu huidharau. Mchimba kisima hana nafasi ya kuidharau.

Mathalani, fundi ameagizwa kisima cha mviringo chenye kipenyo cha meta 1.5 na kina cha meta 10. Hupigilia kigingi ardhini, akafunga kamba, akaizungusha huku akichora kwa ncha ya kijiti. Kamba hiyo ndiyo nusukipenyo. Yapasa iwe meta 0.75. Akighafilika akaikata meta 1.5, kisima kitakuwa na kipenyo cha meta 3. Je, udongo wa kutolewa utaongezeka mara mbili? La, hasha. Eneo la duara hufuata mraba wa nusukipenyo, kwa hiyo udongo huongezeka mara nne: badala ya meta za ujazo 18 hivi, vibarua watatoa karibu 71.

Kisima kikishachimbwa, kigingi hakipo tena, na kitovu cha duara ni hewa tupu. Atakayetengeneza mfuniko apimeje? Na ashikilie mwanzo wa futikamba penye ukingo, kisha asogeze upande wa pili polepole kwenye ukingo wa mkabala hadi apate kipimo kikubwa kuliko vyote. Hicho ndicho kipenyo. Mstari wowote uungao nukta mbili za ukingo bila kupita kitovuni hufanya pembetatu pamoja na nusukipenyo mbili. Na katika pembetatu, jumla ya pande mbili huzidi upande wa tatu. Basi mstari huo ni mfupi kuliko nusukipenyo mbili. Upitao kitovuni peke yake ndio unaolingana nazo, na jina lenyewe, kipenyo, latokana na kupenya.

Archimedes wa Sirakusa, katika karne ya 3 K.K., alivitumia vipimo vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Alilinganisha mzingo na kipenyo, akathibitisha kwamba uwiano wao uko kati ya 3 10/71 na 3 1/7. Lakini kwa eneo alitumia nusukipenyo: duara lina eneo sawa na pembetatu mraba ambayo pande zake mbili zinazofanya pembe mraba ni nusukipenyo na mzingo. Kwa kisima chetu, pande hizo ni meta 0.75 na meta 4.71. Nusu ya zao lake ni meta za mraba 1.77, ikizidishwa kwa kina cha meta 10, tunaurudia udongo ule ule wa meta za ujazo 18 hivi.