Jeraha la Panga na Maradhi ya Pepopunda

Kabla ya mvua za masika, watu wengi wa Unguja hushika panga na majembe. Kila mtu husafisha konde lake apate kupanda. Vilevile, kabla ya kuchuma karafuu, magugu hufyekwa chini ya mikarafuu, ili karafuu zinazoanguka zionekane. Kazi hii ni nzuri. Inatupatia chakula na fedha.

Lakini kazi hii huleta pia majeraha. Panga huteleza likakata muundi. Mwiba huingia unyayoni. Mara nyingi mtu husema, "Si kitu, nimejikwaruza tu." Hufunga kitambaa akaendelea na kazi. Siku nane zikipita, anaamka asubuhi taya limekaza. Hawezi kutafuna hata mkate. Hayo ndiyo maradhi ya pepopunda.

Jina lisitudanganye

Katika jina hili limo neno "pepo". Kwa hiyo wapo wanaodhani kuwa mgonjwa amepandwa na pepo. Humpeleka kupungwa. Siku zinapotea, na mgonjwa anazidiwa.

Pepopunda si pepo. Ni maradhi yanayoletwa na kijidudu. Mwaka 1889 daktari wa Kijapani, Kitasato Shibasaburo, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alifaulu kukitenga na kukikuza kijidudu hicho. Tangu hapo kinajulikana vizuri.

Kijidudu hiki ni kidogo sana, hakionekani kwa macho. Kinakaa katika udongo na katika kinyesi cha wanyama, kama vile ng'ombe na punda. Ardhini hujifungia kama mbegu yenye ganda gumu. Kinaweza kukaa hivyo miaka mingi bila kufa.

Kikiingia katika jeraha lisilopata hewa, huamka na kutoa sumu. Kwa hiyo tundu la mwiba, lililo jembamba na lililoingia ndani, lina hatari hata kama halikutoa damu nyingi.

Watu husema kuwa kutu ya panga ndiyo inayoleta pepopunda. Sivyo. Panga jipya linalong'aa, likiwa na udongo, linaweza kuleta maradhi haya pia. Cha kuogopa ni udongo na uchafu ulioingia ndani ya jeraha.

Dalili zake

Mara nyingi dalili huanza baina ya siku 3 na siku 21 baada ya kuumia. Wakati huo jeraha lenyewe huenda limekwisha kupona.

Kwanza taya hukaza. Kumeza huwa taabu. Shingo na tumbo huwa vigumu. Kisha mwili mzima hukakamaa kwa vipindi, na mgongo hupinda kama upinde. Kelele kidogo tu humshtua mgonjwa. Akili yake ni timamu, na maumivu yote anayasikia. Misuli ya kuvuta pumzi ikikaza, anaweza kufa.

Mtu mwenye dalili hizi apelekwe hospitali mara moja. Msiogope kumbeba, kwani maradhi haya hayaambukizi kutoka mtu hadi mtu.

Tufyeke vipi?

1. Vaa viatu vinavyofunika mguu wote. Mabuti ya mpira ni bora. Champali hazizuii panga wala mwiba.

2. Noa panga kwa tupa kabla ya kuanza. Panga butu huteleza, na hukufanya utumie nguvu nyingi. Angalia pia kama mpini umekaza.

3. Usishike kichaka kwa mkono karibu na pale unapokata. Kivute kwa fimbo yenye ngoe. Kata kuelekea nje, si kuelekea mguu wako.

4. Mkiwa wengi, achaneni hatua nne au zaidi. Watoto wasisimame karibu.

5. Katika nchi ya maweni, kama vile Makunduchi na Jambiani, mawe hujificha ndani ya majani. Panga likigonga jiwe hurudi kwa nguvu. Kwanza papasa kichaka kwa fimbo, uyajue mawe yalipo.

6. Usiache visiki vyenye ncha. Kata chini kabisa, sawa na ardhi. Kisiki chenye ncha humchoma mtoto anayepita miguu mitupu.

Ukiumia ufanye nini?

1. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, na uinue mguu au mkono ulioumia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu yake. Usiondoe cha kwanza. Damu ikiwa nyingi, endelea kubonyeza huku ukipelekwa kituo cha afya.

2. Damu ikisita, osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni. Osha mpaka udongo wote utoke.

3. Usitie majivu, kahawa, mafuta ya taa, udongo wala kinyesi cha mnyama. Ukitia udongo au kinyesi, huenda unakipanda kijidudu kwa mkono wako mwenyewe.

4. Funga kwa kitambaa safi. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Mwambie mhudumu umeumia na nini, na ulichanjwa lini mara ya mwisho.

Chanjo ndiyo ngao

Mtoto mchanga huchanjwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mama mjamzito naye huchanjwa, ili akingike yeye na mtoto atakayemzaa.

Je, baba? Baba haendi kliniki ya wajawazito. Wanaume wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni, na wazee wengine hawakuchanjwa kabisa. Nao hushika panga kila msimu. Bibi aliyemaliza kuzaa miaka mingi iliyopita naye ni hivyo hivyo, kwani nguvu ya chanjo hupungua kadiri miaka inavyopita.

Mtu mzima asiyewahi kuchanjwa anahitaji sindano zaidi ya moja. Ya pili hupigwa wiki 4 baada ya ya kwanza. Ya tatu hupigwa miezi 6 au zaidi baada ya ya pili. Sindano moja peke yake haitoshi. Hata aliyewahi kuugua pepopunda akapona lazima achanjwe, kwa sababu kuugua hakumpi kinga.

Ndugu msomaji, kabla hujalinoa panga lako msimu huu, pita kituo cha afya kilicho karibu nawe. Uliza habari za chanjo yako.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tundu dogo la mwiba linaweza kuwa la hatari?
2. Hapa kijijini watu hutia nini katika jeraha? Je, inafaa?
3. Nani nyumbani kwako hushika panga, naye hajui alichanjwa lini?