KILO MAANA YAKE NI ELFU

Zamani watu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na hata mtoto alijua kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Siku hizi twapima kwa kilo. Lakini ukimwuliza mtu sokoni kilo ni nini, atakujibu kwamba ni jina la uzito. Sivyo. Kilo ni hesabu.

Asili yake ni neno la Kiyunani "khilioi", maana yake elfu. Mwaka 1795 serikali ya Ufaransa ilitunga sheria ya vipimo vipya, nalo neno hilo likafupishwa ili litangulie majina ya vipimo. Kwa hiyo kilogramu ni gramu 1,000, na kilomita ni mita 1,000. Umeme nao ni vivyo hivyo: kilowati ni wati 1,000. Sokoni watu wameacha "gramu" wakabaki na "elfu" peke yake, na bado wanasikilizana.

Hatari imo katika maandishi. Kwa vipimo vya kuzidisha, Wafaransa walichagua maneno ya Kiyunani; kwa vipimo vya kugawanya, walichagua ya Kilatini. Katika Kilatini "mili" pia ni elfu, na "senti" ni mia. Basi kilo huzidisha mara elfu, lakini mili hugawanya mara elfu: katika lita moja mna mililita 1,000.

Tuseme mfugaji ameagizwa kutia mililita 20 za dawa ya kupe katika lita 20 za maji. Akidhani ni sentilita, atamimina dawa mara kumi zaidi. Dawa hiyo ni sumu, na ng'ombe aweza kufa, ilhali mwenyewe alitaka kumponya. Naye karani akiisahau herufi "k" katika "kg", gunia la mbolea la kilo 50 litakuwa gramu 50 katika daftari, yaani kama konzi moja tu, na mkulima atapata taabu kudai haki yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usitazame tarakimu peke yake. Soma kwanza kipande kinachotangulia jina la kipimo, kisha ndipo upime, umimine, au utie sahihi yako.