Keja ya Magurudumu Kwenye Theluji: Mambo Haya TikTok Hawakuonyeshi

Umeziona hizo video, usidanganye. Msee amejifunika blanketi, kikombe cha kahawa mkononi, nje ya dirisha theluji imejaa hadi magotini na juu zile taa za kijani za anga zinacheza. Unatazama ukiwa kwa matatu ya Rongai, jam haisongi, unajiambia, "Haya ndio maisha."

Hiyo ndai inaitwa motohomu. Ni keja kamili: kitanda, jiko la gesi, choo, bafu, hita, yote juu ya magurudumu. Sasa kama uko na cousin au beshte huko Ulaya na mmeanza kupanga form ya kukodisha moja mwende kaskazini mwa Norwe Desemba, soma hii kwanza. Sikutishi. Ni vile tu baridi ya huko na yetu si ndugu.

Sisi Nairobi ikifika nyuzi 12 asubuhi ya Julai, tunatoa marvin na koti mbili. Tromsø, mji ambao wengi huanzia, kusema ukweli si mbaya sana, maana kuna mkondo wa maji ya uvuguvugu baharini unaopasha pwani. Januari huwa karibu nyuzi 4 chini ya sufuri. Noma ni ukiingia bara. Karasjok ndio inashikilia rekodi ya baridi ya Norwe: nyuzi 51.4 chini ya sufuri, Januari 1886. Hiyo pengine hutaipata, lakini 30 chini ya sufuri huko haishangazi mtu. Na jua? Tromsø halichomozi kutoka mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Unapewa mwanga wa samawati masaa machache mchana, halafu giza linarudi.

Tuanze na gesi, kwa sababu hapo ndipo watu huumia.

Mtungi wa gesi huwa na propeni, buteni, ama mchanganyiko wa hizo mbili. Ndani ya mtungi ni maji maji. Lazima yageuke kuwa hewa ndio jiko liwake. Buteni inakataa kugeuka ikifika nusu nyuzi chini ya sufuri. Propeni inaendelea mpaka 42 chini. Kwa hivyo ukikodisha gari kule kusini, tuseme Uhispania ambako mtungi wa kawaida wa nyumbani ni wa buteni, ukafika nao kwa theluji, utatikisa mtungi, utasikia umejaa, na moto hautawaka. Saa tisa usiku. Hita imezima. Uliza mapema ni gesi gani iko ndani, na ukiambiwa "gesi ni gesi" na mtu wa kukodisha, tafuta mwingine.

Halafu hesabu. Hita ya kilowati 6 ikifanya kazi kwa nguvu yote hula karibu nusu kilo ya gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 11 ungeisha kwa siku moja hivi. Kwa kawaida hita huwaka na kupumzika, kwa hivyo unaweza pata siku mbili, tatu. Lakini wewe umezoea mtungi wa kilo 13 unaopika chapo na maharagwe mwezi mzima, kwa hivyo akili yako itakudanganya. Ndio maana wenye uzoefu hulala kwenye kambi zenye stima, wanachomeka hita ya umeme na kuacha gesi iwe ya kusaidia. Na kambi nyingi hufungwa msimu wa baridi, so piga simu kabla ya kutoka.

Sasa hii isome pole pole. Kila msimu wa baridi hapa kwetu, Limuru, Kinangop na kwingineko, tunasikia habari ya familia iliyoingiza jiko la makaa ndani ya nyumba, wakafunga madirisha, wakalala na hawakuamka. Muuaji ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inashikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Unaskia kichwa kinauma na usingizi, unafikiria ni uchovu wa safari.

Motohomu ni chumba kidogo kilichozibwa vizuri, yaani mazingira yale yale. Hita yenyewe ina bomba la kutoa moshi nje, lakini theluji ikirundikana juu ya paa au upepo ukiisukuma pembeni, bomba linazibwa. Kwa hivyo kila asubuhi na kabla ya kulala unatoka na brashi, unasafisha bomba na matundu ya hewa. Ndio, kwa baridi hiyo. Usiwahi kupasha gari kwa jiko la kupikia, hata kama unatetemeka. Na alamu ya kaboni monoksaidi si ya kuuliza mara mbili: usilale kwa hiyo gari kama haina, na ubonyeze kitufe uhakikishe inalia. Kama alamu italia au mtaamka wote na vichwa vikigonga, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Kuna mtu atasema, "Si basi nizibe matundu joto lisitoke?" Buda, hapana. Mbali na sumu, kuna unyevu. Pumzi za watu wanne usiku, nguo zilizolowa, halafu kila kilo moja ya gesi unayopikia inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Yote yanashika kwa madirisha na godoro. Asubuhi mlango umeganda kwa ndani. Acha tundu la paa wazi kidogo usiku kucha na uache hita iendelee. Ndio, unapoteza joto. Lipa hiyo kodi.

Maji ndio kichekesho cha safari. Tangi la maji safi likiwa ndani ya gari liko sawa. La maji machafu huwa chini ya sakafu, linaganda kama mawe. Ujanja wa wenyeji: acha bomba lake wazi na uweke ndoo chini. Ndoo ikiganda, unapindua, unabeba barafu yako hadi mahali pa kumwaga. Usimwage kando ya barabara. Pia hita nyingi zina valvu inayojifungua yenyewe joto likishuka karibu na nyuzi 3, inamwaga maji yote ili tangi lisipasuke. Ukikuta maji yamepotea asubuhi, hakuna mtu amekuibia.

Dizeli pia huganda, au tuseme inatoa nta inayoziba filta. Ya msimu wa baridi inauzwa huko huko, kwa hivyo fika kaskazini na tangi karibu tupu, kisha ujaze. Betri za lithiamu usizichaji zikiwa chini ya sufuri, zinaharibika. Na ukipaki, usivute breki ya mkono. Inaganda ikiwa imeshika. Tia gia, weka vigingi kwa magurudumu.

Barabarani, gari la zaidi ya tani 3.5 lazima liwe na matairi ya theluji kutoka 15 Novemba hadi 31 Machi, na minyororo ndani. Fanya mazoezi ya kufunga hiyo minyororo mchana, mahali pakavu, kabla vidole havijafa ganzi. Namba 175 itakuambia barabara zipi zimefungwa.

Kama ndoto yako ni Nordkapp, kwenye nyuzi 71 kaskazini, jua kwamba kilomita 13 hivi za mwisho msimu wa baridi haziendeshwi kiholela. Unasubiri kwenye kizuizi saa iliyopangwa, gari la kusukuma theluji linatangulia, nyinyi mnafuata kwa mstari. Upepo ukizidi, hakuna msafara siku hiyo. Kiongozi pia anaweza kukataa gari lako akiona haliko fiti, na motohomu ndefu nyepesi kwa upepo ni mojawapo ya yale anayotazama mara mbili. Akikataa, usianze kumbembeleza na kitu kidogo kama uko roadblock ya huku. Geuza, rudi kambini, chomeka stima, weka chai.