Bawabu Anaposinzia: Kompyuta ya Faiwoli na Mwendo wa Prosesa



Mwezi wa tatu, kaskazi ikishalegea na kusi haijaingia, kisiwani Mombasa huwa joto hata ndani ya nyumba za mawe za Mji wa Kale. Ni katika mwezi huo mtandao wa chumba chetu cha kompyuta ulipoanza kukokota. Asubuhi afadhali. Ikifika saa nane mchana, ukurasa mmoja haufunguki mpaka umemaliza kikombe cha chai. Binti mmoja wa Bondeni alikuwa akijaza fomu ya kuomba chuo. Alipofika mwisho na kubonyeza, ukurasa ukamfia mkononi. Kesho yake ikambidi aje kuanza upya. Vijana wakasema, "Hawa wenye laini wanatuibia!" Nami nikasema hivyo hivyo, tena kwa simu, kwa sauti ya juu. Kumbe kosa lilikuwa ndani ya kabati letu wenyewe.

Katika kabati hilo mna kompyuta kuukuu inayofanya kazi ya faiwoli, yaani bawabu wa mtandao. Kila kifurushi cha habari kinachoingia au kutoka, yeye hukikagua: chatoka wapi, chaenda kwa nani, kina ruhusa? Yetu pia huchuja kurasa zisizofaa watoto, na kazi hiyo ni nzito. Zamani, intaneti ilipokuwa ikija kwa satelaiti, laini yenyewe ilikuwa nyembamba na kompyuta yoyote iliweza ubawabu. Mwaka 2009 nyaya za baharini zilifika Mombasa, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, na baadaye zikaja nyingine. Laini zikapanuka. Sasa anayechelewesha watu mlangoni aweza kuwa bawabu mwenyewe.

Prosesa za leo hazikimbii kwa mwendo mmoja. Kazi ikiwa haba hupunguza mwendo na volteji, kazi ikija hupanda. Faida yake ni hii: umeme wa kufanya kazi hufuata mwendo, na hufuata volteji ikizidishwa kwa yenyewe. Ukipunguza mwendo kwa nusu na volteji kwa asilimia 20, umeme huo hubaki karibu theluthi moja tu. Ni jambo zuri, ila bawabu akisinzia asiamke upesi, watu hupanga foleni mlangoni.

Hebu tuone jinsi ya kumpima. Mashine yetu yatumia pfSense, ambayo imejengwa juu ya FreeBSD. Mwambie mtu mmoja apakue faili kubwa. Wakati huo huo wewe andika kwenye mashine ya faiwoli:

sysctl dev.cpu.0.freq

Itakujibu kwa megahezi. Kisha andika sysctl dev.cpu.0.freq_levels uone ngazi zote za mwendo ambazo prosesa inazo. Yetu ilijibu 1600 na ikakaa hapo hapo, ilhali ngazi yake ya juu ni 2933. Tukatazama pia kwa top -P, inayoonyesha kila kiini cha prosesa peke yake. Usiridhike na wastani! Prosesa ya viini 4 ikisema inatumika asilimia 25, huenda kiini kimoja kimejaa pomoni na vitatu vimelala.

Nani aliyeifunga kwenye 1600? Mimi. Mwaka uliotangulia, tokeni za umeme zilipokuwa zikiisha mbio, niliingia kwenye mipangilio, sehemu ya PowerD, nikachagua Minimum. Nikajiona mtu wa kuokoa pesa za kanisa.

Basi tufanye hesabu. Tuseme nimeokoa wati 3. Mara saa 24, mara siku 30, ni wati-saa 2,160, yaani uniti 2 na kidogo kwa mwezi. Haiwezi kuwa nyingi, kwa sababu prosesa isiyo na kazi hujizima vipande vipande yenyewe, hata mwendo wake ukiwa juu. Kinachokula umeme ni kompyuta nzima: mashine kuukuu ya wati 60 isiyozimwa humaliza uniti 43 kwa mwezi, na kijimashine kidogo cha wati 10 humaliza 7. Anayetaka kuokoa tokeni abadilishe mashine, wala asimbane bawabu.

Kwa faiwoli chagua Hiadaptive, hupandisha mwendo upesi na kuushusha polepole. Ikiwa prosesa yako ni ya Intel ya miaka ya karibuni, yenye Speed Shift, huenda PowerD isifanye lolote, kwani prosesa hujiamulia. Hapo tafuta dev.hwpstate_intel.0.epp: 0 ni kupendelea kasi, 100 ni kupendelea kuokoa umeme. Wenye Linux wasome faili scaling_governor iliyo chini ya /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq. Ikiwa imeandikwa powersave na mwendo haupandi, mmeshampata mwizi. Na ngazi za mwendo zisipoonekana kabisa, ingia kwenye bayosi uangalie kama SpeedStep (kwa Intel) au Cool'n'Quiet (kwa AMD) imezimwa.

Nikabadilisha, mtandao ukaruka. Tukashukuru Mungu. Siku tatu tu, mchana ukaanza kukokota tena!

Safari hii megahezi zilisoma sawa. Hapa ndipo wengi hupotea: prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguza yenyewe ili isiungue, na namba ile ya mwendo si lazima ionyeshe hivyo. Dalili ni asubuhi nzuri, mchana mbaya. Washa kipimo cha joto katika mipangilio (coretemp kwa Intel, amdtemp kwa AMD), kisha soma dev.cpu.0.temperature. Prosesa nyingi hujizuia zikikaribia nyuzi 100. Yetu ilikuwa imepita 90.

Wazee wetu walijenga kuta nene za matumbawe na chokaa, dari wakaziinua, madirisha wakayaelekeza kwenye upepo. Sisi tukachukua kompyuta tukaitia ndani ya kabati la mbao, tukapiga kufuli kwa kuogopa wezi. Feni ilikuwa imevaa vumbi lililogandamana na unyevu wa chumvi. Tulizima, tukachomoa waya, tukasafisha kwa brashi laini, tukafuta ile gundi ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Fundi seremala akaukata mlango wa kabati, akaweka wavu wa chuma. Kufuli bado lipo.

Jambo la mwisho ni stima kupotea. Mpangilio uliowekwa kwa amri ya sysctl hufutika mashine ikizimika, hivyo uweke kwenye ukurasa wa mipangilio ukauhifadhi. Kama hata bayosi yenyewe inarudi ilivyokuwa, na saa ya kompyuta inasema ni mwaka mwingine, betri ndogo ya ndani imekufa. Saa ikikosea, baadhi ya huduma za mashine hiyo hukataa kuunganishwa kwenye mtandao, nawe utamlaumu mwenye laini bure kama nilivyofanya mimi. Betri hiyo ni duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, na mafundi wengi wa saa wanayo. Ukishaibadilisha, ingia tena kwenye bayosi uiagize mashine iwake yenyewe stima ikirudi, maana hupotea hata usiku, na mwenye ufunguo wa kabati amelala kwake.