Barua za Eliot kwa Emily Hale

Tarehe 2 Januari 2020, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Princeton huko Marekani, wataalamu waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuzisoma barua 1,131 ambazo malenga T. S. Eliot alimwandikia Bibi Emily Hale, mwalimu wa michezo ya kuigiza, kati ya miaka ya 1930 na 1957. Bibi huyo ndiye aliyeziweka amana chuoni mwaka 1956, kwa sharti kwamba zisifunguliwe mpaka ipite miaka 50 tangu kufariki kwa yule atakayemfuata mwenzake kaburini. Eliot alifariki Januari 1965, Emily akafariki Oktoba 1969, na sharti likatimizwa.

Hamu ya watu ya kuzisoma ilikuwa na sababu. Eliot, mzaliwa wa St. Louis aliyehamia Uingereza, ndiye aliyetunga The Waste Land mwaka 1922, shairi lililoyavunja mazoea ya vina na mizani ya Kiingereza. Naye ndiye, katika insha yake ya 1919, aliyefundisha kwamba ushairi si kuimwaga nafsi bali ni kuikimbia. Kauli hiyo wahakiki waliipokea kama sheria, hata mwanafunzi aliyeuliza ni mwanamke gani anayetajwa katika beti fulani alionekana mjinga asiyejua adabu ya elimu.

Kumbe mwenye sheria alikuwa akiihalifu kwa siri. Tangu barua za mwanzo anamwomba Emily arejee shairi lile la 1922, asome pale penye msichana wa maua ya hayasinti, ajitambue. Na Burnt Norton, shairi lililopewa jina la nyumba ya shamba huko Gloucestershire ambayo wawili hao waliizuru mwaka 1934, analitaja kuwa ni shairi la mahaba alilomtungia yeye. Mtu aliyesifiwa kwa ubaridi wa akili, na ambaye picha zake zote ni za karani nadhifu wa benki, anaonekana humu akilalama, akisihi, akihesabu siku za meli ya posta.

Wakati huo alikuwa na mke, Vivienne, aliyemwoa mwaka 1915, akaachana naye mwaka 1933 bila talaka kwa kuwa imani yake ya Kikristo haikumruhusu kuitoa. Vivienne alifariki mwaka 1947 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na Emily, aliyekuwa amesubiri miaka mingi, akatarajia posa. Posa haikuja. Mwaka 1957 Eliot alimwoa katibu wake, Valerie Fletcher, na mwaka 1960 akaandika taarifa, akaagiza itolewe siku ile ile barua zitakapofunguliwa, akikana kwamba alimpenda Emily kweli kweli: alipenda kumbukumbu tu, asema, na lau angalimwoa, ushairi ungalikufa ndani yake.

Taarifa hiyo mimi siipi uzito wa barua, kwani iliandikwa na mume mwenye furaha mpya, aliyejua fika kwamba hati za zamani zingemfedhehesha. Hata hivyo, barua nazo si kiapo. Aandikaye kwa mahabubu aliye ng'ambo ya bahari hutunga vilevile, na Eliot alimtunga Emily kama alivyotunga mashairi, akimhitaji zaidi alipokuwa mbali kuliko alipokuwa karibu. Alipokuwa huru kumwoa, alirudi nyuma. Hilo ndilo barua zinalofichua kuliko siri ya mapenzi yenyewe, na kwa insafu ni jambo lisilompendeza.

Barua za Emily kwa Eliot, karibu zote, zilichomwa moto kwa amri ya Eliot mwenyewe. Basi msomaji atakayezipitia hizi za Princeton, asiharakishe kumhukumu bibi yule kwa maneno ya mtu aliyehakikisha kwamba hatajibiwa.