Kenya: Bitiruti ya bustanini ina faida nyingi, lakini wekundu wake si damu

Katika masoko ya Nairobi, bitiruti husifiwa kwa jambo moja kuliko mengine yote: kwamba huongeza damu. Mjamzito aliyeelezwa kliniki kuwa ana upungufu wa damu huenda akapitia sokoni kabla ya kufika nyumbani, akanunua bitiruti, karoti na limau, akasaga juisi na kuinywa kwa matumaini makubwa. Sifa hiyo ina ukweli kiasi. Hatari huanza pale juisi inapochukua nafasi ya dawa.

Wekundu wa bitiruti hutokana na rangi ya asili iitwayo betanini, ambayo haihusiani kabisa na damu. Gramu 100 za bitiruti hazifikishi hata miligramu 1 ya madini ya chuma, ilhali kidonge wanachopewa wajawazito kila siku katika kliniki za umma nchini Kenya kina miligramu 60, pamoja na asidi ya foliki. Anayetaka kupata kiasi hicho kwa bitiruti pekee angelazimika kula zaidi ya kilo 6 kwa siku. Hata hivyo, bitiruti ina asidi ya foliki ya kutosha kuhesabika, na mwili huihitaji katika kutengeneza chembe za damu. Kwa hiyo inafaa kuliwa pamoja na kumeza vidonge, wala si badala yake.

Mwenye kipande kidogo cha ardhi hana haja ya kuinunua. Bitiruti hupenda ubaridi, na ndiyo sababu hustawi Limuru, Kinangop na kwingineko katika nyanda za juu. Lakini hata Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huota vizuri. Mwaka 2020 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa bustani milioni moja za nyumbani, na zao hili linafaa sana bustani za aina hiyo, hata zile za magunia.

Kosa la kawaida la mkulima mgeni huanzia kwenye mbegu. Kinachoonekana kuwa punje moja kwa hakika ni kishada chenye mbegu mbili hadi nne, hivyo shimo moja hutoa miche kadhaa iliyosongamana. Wengi huona uchungu kuing'oa, kisha baada ya miezi mitatu huvuna mizizi myembamba kama vidole na kuilaumu ardhi. Dawa ni kuloweka mbegu usiku kucha, kuzipanda kina cha sentimita 2 katika mistari iliyoachana kwa sentimita 30, na miche inapofikia urefu wa kidole kuipunguza ili kila mmoja uwe umbali wa sentimita 10 kutoka kwa mwenzake. Miche iliyong'olewa huliwa kama mboga.

Samadi iwe imeoza vizuri, tena kwa kiasi. Ikizidi, majani hunenepa na mzizi hudumaa. Maji nayo yasikatike kwa siku nyingi kisha yakamwagwa kwa pupa, kwani mizizi hupasuka.

Mavuno huwa tayari baada ya siku 60 hadi 90, mzizi unapokuwa na ukubwa wa ngumi. Ukiachwa zaidi huwa mgumu kama kuni. Majani husokotwa kwa mkono na kuachwa vikonyo vya sentimita chache, kwani kisu kikikata karibu na mzizi, rangi na utamu humwagika kwenye maji ya kuchemshia. Kwa sababu iyo hiyo, bitiruti huchemshwa na ganda lake kwa dakika 40 hadi 60, kisha humenywa kwa vidole ikiwa bado vuguvugu. Hukatwa vipande, ikatiwa kitunguu, chumvi na limau. Limau husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga. Chai inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume, na desturi hiyo imeenea mno Kenya.

Majani, ambayo wachuuzi wengi huyakata na kuyatupa, yana madini ya chuma mengi kuliko mzizi wenyewe. Hukaangwa kwa kitunguu na nyanya kama spinachi. Yana pia oksalati, ambayo hupunguza sehemu ya faida hiyo na haiwafai watu waliowahi kuugua mawe ya figo. Hao ni vema wamwulize daktari kwanza.

Baadhi ya walaji huona mkojo wao umekuwa mwekundu na kupatwa na hofu. Rangi ya bitiruti ikiwa ndiyo sababu, hali hiyo hutoweka yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Ikiendelea baada ya hapo, mtu aende kupimwa.