Bill Evans: Mpiga piano aliyezungumza na nafsi yake

Katika muziki wa jazz, ustadi wa mpigaji hupimwa pia kwa namna anavyowasikiliza wenzake. Mmoja huuliza kwa ala yake, mwingine humjibu. Je, mazungumzo hayo yanawezekana iwapo mwanamuziki ni mmoja tu?

Swali hilo liliibuka mwaka 1963, mpiga piano wa Marekani, Bill Evans, alipotoa santuri ya Conversations with Myself, yaani Mazungumzo na Nafsi Yangu. Piano tatu husikika humo, zote zikipigwa na Evans mwenyewe.

Kwanza alipiga piano moja, ikanaswa kwenye kanda. Kisha aliisikiliza kanda hiyo huku akipiga ya pili, na hatimaye ya tatu. Kazi hiyo ina ugumu wake: sauti iliyokwisha kurekodiwa haimngojei mtu. Mpigaji hulazimika kuacha nafasi kwa sauti ambazo bado hazijazaliwa.

Evans hakuwa wa kwanza. Mwaka 1941 Sidney Bechet alirekodi ala sita peke yake. Katika miaka ya 1950 Lennie Tristano naye alipandanisha sauti za piano, akalaumiwa kwamba anafanya hila za mitambo. Evans alijitetea katika maelezo yaliyoambatana na santuri yake: kwa kuwa kila sauti huisikiliza na kuijibu iliyotangulia, huo ni muziki wa kundi.

Santuri hiyo ina pia kilio ndani yake. Januari 1963 mpiga piano Sonny Clark alifariki dunia mjini New York, akiwa na umri wa miaka 31. Wiki chache baadaye Evans alirekodi kibao cha kumwomboleza, N.Y.C.'s No Lark. Ukizipanga upya herufi za jina hilo, utapata jina la marehemu. Dawa za kulevya, zilizomwandama Clark, zilikuwa zimemnasa Evans pia.

Santuri hiyo ilimpatia Evans tuzo ya Grammy, na aliirudia njia hiyo mwaka 1967 na 1978, miaka miwili kabla ya kifo chake. Kuhusu lile swali la awali, jibu lake limo katika piano ya kwanza: kila inaponyamaza kidogo, kuna mwenzake anayengojewa.